Jibu: Ulimuahidi kwa utani, jamaa katimiza

Pole sana dada, nimesoma swali lako mara mbili. Ulimwambia jamaa "mlipie mdogo wangu ada mpaka amalize chuo, naolewa na wewe", ulikuwa unamkatalia kistaarabu tu, kumbe mwenzio kalibeba hilo neno moyoni akakaza miaka mitatu akalipa yote na sasa anakuja wakati wewe umeshavishwa pete na mtu mwingine.

Kuolewa naye kisa deni, hapana. Ndoa ni ridhaa na hakuna mahakama itakulazimisha. Ila usijifiche nyuma ya neno utani maana ada ulikuwa unaona inalipwa, muhula baada ya muhula, ukanyamaza, hapo ndo ulipomkosea. Na ujue hapa kwetu Tanzania Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 71, inamruhusu mtu kudai zawadi alizotoa kwa sharti la ndoa kama hiyo ndoa haikufungwa.

Mchumba wako mwambie leo, yote, asije akasikia kwa watu. Halafu muite jamaa mbele ya mtu mzima mnayemheshimu wote wawili, muombe msamaha bila kujitetea, pigeni hesabu ya ada uanze kurudisha hata kidogo kidogo. Akisema amesamehe deni usidake haraka, mwambie bado unataka kulipa. Na mdogo wako kama ameshapata kazi achangie, tena aende mwenyewe kumshukuru, yule kaka kamtoa mbali sana.