Ulanzi Una Saa Zake: Jinsi ya Kupanga Siku Moja Iringa

Ukifika Iringa mwezi Agosti ukaulizia ulanzi, yaani pombe ya utomvu wa mwanzi, huenda ukaonyeshwa bia. Kinachogemwa ni chipukizi changa la mlanzi, ndio mwanzi wenyewe, na chipukizi halitoki bila mvua; kwa hiyo msimu ni kuanzia Desemba hivi hadi Mei. Mgema hukata ncha, akatega mbeta, chombo cha mwanzi cha kupokea utomvu, kisha hurudi asubuhi na jioni kukwangua ngozi nyembamba ya lile jeraha. Asipokwangua, linakauka na utomvu unakoma.

Shida ni kwamba mvua hiyohiyo hulifanya korongo la Isimila liteleze. Isimila iko kilomita kama 20 kutoka mjini, barabara ya Mbeya, nayo ianze asubuhi kabla mawingu hayajafunga. Vaa viatu vyenye meno; ndala zitakuaibisha kwenye mteremko. Mashoka ya mawe ya kale yamelala pale, na nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na maji zimesimama bondeni. Ukiwa na haraka, usiende kabisa.

Kalenga iko upande mwingine, kilomita 15 hivi kwenye barabara ya Hifadhi ya Ruaha. Hapo ndipo lilipo fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Uliza kabla ya kupiga picha. Kwa Wahehe huyo si kitu cha maonyesho. Boma la Wajerumani lililogeuzwa makumbusho liko mjini, waweza kulipitia wakati wowote wa mchana.

Jiwe la Gangilonga, yaani jiwe linaloongea, lipandwe kabla ya kwenda kilabu cha ulanzi, si baada yake. Sababu haihitaji maelezo.

Sasa kilabu. Ukiingia sema "Kamwene", salamu ya Kihehe, keti kwenye benchi na wenzako, halafu uliza swali moja: huu ni wa lini? Ulanzi uliotoka kugemwa ni mtogwa, mtamu, hata asiyezoea anaumudu. Lakini uchachu huanza tangu ukiwa kwenye mbeta na hausubiri mtu: wa asubuhi, kufika jioni umeshabadilika, na ukilala huwa mkangafu, mchachu na mkali. Chombo chenye mabaki ya jana huharakisha mambo, kwa hiyo hata unaoitwa mtogwa uonje kidogo kwanza. Wageni wengi huumbuliwa na utamu: wanakunywa lita nzima kama juisi, na kileo hakiwapigi hodi hadi wanaposimama.

Kula ugali kabla, si baadaye. Kama tumbo lako ni jepesi, ogopa zaidi maji ya kusuuzia vikombe kuliko ulanzi wenyewe. Kuja na kikombe chako si dharau ukieleza kwa upole. Na beba sweta, maana mji uko juu, na baridi ya jioni haina adabu.

Wengine hununua wa kwenda nao Dar es Salaam. Ulanzi unaochacha hutoa gesi, na dumu lililofungwa kwa nguvu huvimba, kisha hupasuka ndani ya basi juu ya mizigo ya watu. Jaza robo tatu tu, legeza kifuniko, lisimamishe miguuni pako, na kila basi linaposimama lifungue lipumue.