Kabla hujagusa kiwiko cha mpigaji mdogo

Karibu. Kama umekabidhiwa watoto wa besiboli hapa Moshi, nahisi hukuomba kazi hiyo. Wengi tuliingia kwa mlango huo huo: mwenye timu kahama, begi la vifaa limelala stoo, na mtu anakuuliza, "Wewe si mwanamichezo?" Mimi nilikuwa mtu wa mpira wa wavu. Haya ninayokuandikia niliyajua baada ya kumharibia mtoto wa watu upigaji wake.

Tukubaliane maneno kwanza. Fimbo ya kupigia nitaiita fimbo tu. Ukisema bati, mtoto anafikiria paa. Ukisema gongo, watu wazima wanageuka wakutazame vizuri. Anayerusha mpira ni mrushaji, anayesubiri na fimbo ni mpigaji, na aliyechuchumaa nyuma yake ni mdakaji. Mengine utayaokota uwanjani. Waliousukuma mchezo huu hapa nchini miaka ya karibuni ni Wajapani, kwa hiyo usishangae ukikuta timu inavua kofia na kuuinamia uwanja kabla ya kuingia.

Sasa huyo mtoto. Alikuwa darasa la sita, mabega mapana, mwepesi wa kukimbia. Lakini akishika fimbo alikuwa kama mtu anayepura maharage. Fimbo ilitoka juu, ikashuka, kifua kikaifuata, na mguu wa nyuma ukabaki unaning'inia. Kila mara alikosa, au aliuchapa mpira ukadunda miguuni pake. Nilikuwa nimesikia mahali kwamba mpigaji mzuri huinua kiwiko cha nyuma. Basi nikawa naimba wimbo mmoja: kiwiko juu, kiwiko juu. Wiki tatu. Kiwiko kikapanda kweli, na kupura kukazidi.

Aliyeniokoa ni mzee mlinzi, ambaye besiboli yenyewe aliiona kama upuuzi wa jioni. Alisimama na kurunzi yake kwapani, akatazama mipira minne au mitano, akasema, "Mwalimu, mbona hiyo fimbo ndiyo inayomchapa mtoto?" Kesho yake niliipeleka genge la jirani, nikaomba mizani. Gramu 900 na ushei, urefu sentimita 84. Ilikuwa fimbo ya mtu mzima. Mtoto wa miaka 12 hutosheka na fimbo ya sentimita 76 hivi, yenye gramu kama 570. Kijana wangu alikuwa anaburutwa na chuma, nami namgombeza kiwiko.

Kwa hiyo kabla hujasema lolote, pima fimbo. Huhitaji mizani. Mwambie aishike kwa mkono mmoja tu, ainyooshe pembeni usawa wa bega, nawe uhesabu taratibu hadi 20. Ikianza kutetemeka au kushuka kabla hujamaliza, haimfai. Kama hamna nyingine, ashike juu zaidi kwenye mpini, aache vidole vitatu au vinne vya nafasi chini ya mikono. Watoto wanaona aibu kufanya hivyo, wanadhani ni kuonyesha udhaifu. Mwambie ni ujanja, nawe ukimpigia yeye mipira shika hivyo hivyo, atanyamaza. Fundi seremala anaweza kukuchongea fimbo fupi nyepesi, ila hiyo iwe ya mazoezi ya vitu laini tu. Ikikutana na mpira halisi huweza kupasuka na kurusha vipande.

Jambo la pili ni hofu. Mpira wa besiboli una uzito wa gramu 142 hadi 149 na ni mgumu. Mtoto aliyewahi kupigwa nao mbavuni halisahau. Utaiona hofu mguuni: mpira ukitoka tu mkononi mwa mrushaji, mguu wa mbele unakimbilia pembeni badala ya kwenda kwa mrushaji. Mguu ukishakimbia, kiuno kinafunguka mapema, kichwa kinageuka, na mikono inabaki peke yake kuutafuta mpira. Kocha mgeni anaona mikono mibaya, anakwenda kuirekebisha mikono.

Usimwambie "usiogope". Rudi kwenye mipira ya tenisi, ya mitumba inatosha. Ichore madoa kwa kalamu ya wino mzito, mingine mekundu, mingine ya bluu. Mtoto asimame mahali pa kupigia, fimbo begani, asipige kabisa. Kazi yake ni kutaja rangi mpira unapopita. Mwanzoni watataja baada ya mpira kupita. Siku ya nne au ya tano wanaitaja njiani, na hapo utaona mguu umetulia bila wewe kuutaja. Mimi humwacha mtoto kwenye zoezi hili hata wiki mbili, na wazazi wanaokuja kutazama hunilalamikia kwamba mtoto anasimamishwa tu kama mlingoti.

Hesabu ya muda itakusaidia kuelewa kwa nini macho yanatangulia. Mrushaji wa ligi kubwa za Marekani husimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji, na mpira wa kilomita 145 kwa saa unafika kwa kama sekunde 0.4. Watoto wanapocheza kwa umbali wa mita 14, mpira wa kilomita 80 kwa saa unawachukua zaidi kidogo ya nusu sekunde. Ndani ya muda huo aone, aamue, apige. Kichwa kilichojaa maagizo yako manne hakina nafasi ya mpira.

Macho yakitulia na fimbo ikiwa saizi yake, ndipo uingie kwenye mzungusho wenyewe. Nguvu inaanzia chini: mguu wa nyuma unasukuma, kiuno kinageuka, kifua kinafuata, mikono inakuja mwisho. Mtoto anayezungusha vyote kwa pamoja anapiga kwa mikono tu. Kuna makocha wanaowaambia watoto wasokote kidole cha mguu wa nyuma kana kwamba wanazima kipisi cha sigara. Inasaidia siku za mwanzo, lakini usiing'ang'anie. Mtoto anajifunza kukaa nyuma na uzito wake wote, akizima sigara isiyokwisha.

Zoezi langu la kiuno halina mpira. Fimbo inapita mgongoni, imebanwa na viwiko, mtoto anasimama kama anayesubiri mrushaji. Nasema "polepole", anahamishia uzito mguu wa nyuma. Nasema "sasa", anapiga hatua fupi, mguu unagusa chini, ndipo kiuno kinageuka. Mguu kwanza, kiuno baadaye. Ukisikia kishindo cha mguu na kuona ncha ya fimbo inageuka kwa pamoja, rudia.

Kwa mikono, mwalimu wangu mkuu ni ua wa michongoma. Mtoto asimame akiutazama ua, kitako cha fimbo kikiwa tumboni na ncha ikigusa majani kwa shida. Kisha azungushe kama anapiga mpira. Akiitupa mikono mbali na mwili mapema, fimbo inakwanyua michongoma na majani yanamrudia usoni. Akiipitisha mikono karibu na kifua, fimbo inapita bila kugusa kitu. Yule mpura maharage wangu alirudi nyumbani siku ya kwanza na majani kwenye kola. Siku ya tatu nilisikia fimbo ikipita na sauti yake nyembamba, vuu, na hakuna jani lililodondoka. Alinigeukia bila kusema neno, akarudi kusimama palepale. Ukutani usilifanye zoezi hili, utaua fimbo na vidole.

Halafu magunzi. Msimu wa mahindi tunajaza gunia zima, bure. Gunzi haliendi mbali, halimuumizi mtu, na kwa kuwa ni dogo na linayumba hewani, linamlazimisha mtoto kutazama hadi mwisho. Kaa mbele yake kwa pembeni, mrushie kwa chini taratibu. Jamhuri ya Dominika, nchi inayotoa wachezaji wengi wa ligi kubwa za Marekani, watoto hucheza mitaani kwa vifuniko vya madumu ya maji na mti wa ufagio, wanaita vitilla. Kwa hiyo usikubali kuambiwa timu yenu haina vifaa.

Vijana watakuletea video za simu. Wataiga. Wengi watataka kuinua mguu wa mbele kama Sadaharu Oh, mpigaji wa ligi ya Japani aliyesimama kwa mguu mmoja na kufikisha mipigo 868 ya kuvuka uzio. Usikataze kwa ukali. Simamisha video pale fimbo inapokutana na mpira, uwaulize: mguu uko wapi? Kichwa kinatazama wapi? Wachezaji wenye mbwembwe tofauti kabisa za kuanzia hufanana sana hapo: mguu wa mbele umeshika chini, kichwa kimetulia, macho kwenye mpira. Video ya mtoto mwenyewe muonyeshe mara moja, simu irudi mfukoni.

Usalama sitauzungusha. Anayezungusha fimbo asiwe na mtu karibu, wala aliyechuchumaa kufunga kamba za viatu. Helmeti ya bodaboda si ya mchezo huu, inaziba macho pembeni. Kama helmeti za besiboli hamna, mipira migumu ikae kwenye begi.

Na jiandae kwa kukosa. Mwaka 1941 mpigaji wa Marekani, Ted Williams, alimaliza msimu na wastani wa 0.406, yaani alifanikiwa kupiga kama mara nne katika kila kumi, mmoja wa misimu inayosifiwa sana katika historia ya mchezo huu, na bado alishindwa karibu mara sita katika kila kumi. Mimi huwapa mipigo 30 au 40 kwa jioni, basi. Zaidi ya hapo mwili umechoka na wanafanyia mazoezi makosa. Na kila mtoto nampa neno moja tu la wiki. Kama neno lake ni "polepole", hata akikosea mengine matano mbele yangu nayameza. Hilo ndilo lililonishinda kuliko yote.

Yule kijana sasa yuko sekondari, anapiga vizuri, fimbo yake ni ya saizi yake. Sijamtajia kiwiko kwa zaidi ya mwaka. Lakini mrushaji anapojiandaa, hunitupia jicho la haraka pale pembeni nilipokaa, na kiwiko cha nyuma kinapanda kidogo.