Usiache fomu iguse kila safu ya databesi yako

Madevelopa wa huku Arusha na Moshi kazi zetu zinafanana sana, leo mfumo wa bukingi wa kampuni ya utalii, kesho saccos, keshokutwa lodge inataka wageni wabuki vyumba moja kwa moja bila kupitia mitandao mikubwa inayokata kamisheni. Wengi tunatumia Laravel, framework ya PHP (kiunzi cha kuandikia mifumo ya mtandao), kwa hiyo mifano yangu ni ya Laravel, ila wa Django na Rails, viunzi vya Python na Ruby, msikimbie, ugonjwa ni ule ule, dawa tu ndo ina jina lingine.

Siku hizi napata sana kazi za kukagua mifumo iliyoandikwa na watu wengine, mteja anapiga anasema fundi wa kwanza hapokei simu, njoo utuangalizie. Nikifika naanza na folda ya modeli, kodi zinazowakilisha majedwali ya databesi, natafuta mstari mmoja tu: `$guarded = [];`, yaani orodha ya safu zilizokatazwa iko tupu. Na mara nyingi naukuta umekaa pale unanisubiri.

Unavyofikaga pale tunajua. Umeandika modeli ya Booking, kwenye kontrola, kodi inayopokea fomu, ukaita `Booking::create($request->all())`, Laravel ikakugomea na MassAssignmentException, inakwambia ongeza safu kwenye fillable, orodha ya safu zinazoruhusiwa. Unauliza kwenye grupu la WhatsApp, mtu anajibu chap chap, weka guarded tupu mkuu, unaweka, inapita, unaenda kula. Sasa jamani, Laravel haikuwa inakuonea. Modeli ikizaliwa inakuwa imefungwa yote, ikataka wewe useme ni safu zipi mtu wa nje anaruhusiwa kujaza kwa mkupuo, wewe ukajibu zote.

Zote maana yake nini? Kuna kampuni moja ya kupandisha watalii mlimani, jina kapuni, walikuwa na fomu ya mgeni kurekebisha bukingi yake mwenyewe, jina, namba ya pasipoti, tarehe ya kuanza, njia anayotaka kama ni Machame au Marangu. Nikamwomba bosi akae pembeni yangu, tukafungua nakala ya majaribio sio ya wateja halisi, nikabonyeza F12 kwenye Chrome zana za developa zikafunguka, nikaingia kwenye HTML ya ile fomu, chini ya kisanduku cha jina nikaandika cha kwangu: `<input name="imelipwa" value="1">`. Nikabonyeza Hifadhi. Tukahamia upande wa ofisi, bukingi inasoma IMELIPWA, kijani kabisa, na dola 1,850 hazijaingia popote. Bosi akauliza, "Na bei je, mdogo wangu?" Nikamwambia mzee ngoja tuone, nikarudi nikaongeza kisanduku cha bei nikaweka 5. Machame siku saba kwa dola tano, chakula humo humo, wapagazi humo humo. Hakucheka.

Akauliza swali zuri sana ambalo hata madevelopa huwa wananiuliza: mtu wa nje atajuaje hiyo safu inaitwa imelipwa? Kwanza majina yanakisiwa, nani asiyejaribu `is_admin`, `role`, `status`, `price`. Pili, na hili ndo lilimmaliza, mfumo wenyewe ulikuwa unataja. Ukurasa ulikuwa unavuta bukingi kwa JSON (data kwa maandishi yanayosomeka), na kontrola inarudisha modeli nzima kama ilivyo, kwa hiyo mgeni akifungua kichupo cha Network humo humo kwenye F12 anasoma majina ya safu zote mpaka maoni ya ofisi kuhusu yeye. Ndo maana nasema kusoma na kuandika ni mambo mawili lakini uyafunge kwa pamoja. Kwenye modeli kuna `$hidden`, orodha ya safu za kuficha, ila mimi naamini zaidi API Resource, faili ambamo unataja kitu kimoja kimoja kinachotoka, safu mpya ukiiongeza mwakani haitoki mpaka uitaje. Halafu tukumbuke Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kufanya kazi Mei 2023, na sisi huku tunashika pasipoti za watu kila siku.

Usidhani ni mambo ya mafundi wa uchochoroni. Machi 2012 GitHub wenyewe, tovuti ya kuhifadhi kodi, waliliwa hivi hivi. Kijana wa Kirusi, Egor Homakov, alikuwa ameshawaambia watu wa Rails kwamba mipangilio yao ya kuanzia inawaacha watu wazi, wakaona ni jukumu la anayeandika mfumo. Akaenda kwenye fomu ya GitHub ya funguo za SSH, zinazomruhusu mtu kuingiza kodi, akachomeka `user_id` isiyo yake, ufunguo wake ukahesabika ni wa mradi wa Rails, akaweka faili lake ndani ya Rails yenyewe. Wakamfungia akaunti kisha wakamrudishia. Rails 4 ilipotoka 2013 ikaja na strong parameters, yaani ruhusa zikatolewa kwenye modeli zikapelekwa kwenye kontrola, ukisahau kutaja safu haipiti.

Na hapo kwenye kuhamisha ndo penye utamu, watu wengi wa Laravel hawajapafika. Tunaandika `$fillable` tunajiona tumemaliza. Lakini modeli haijui nani yuko mbele yake. Chukua modeli ya Guide, yaani mwongoza watalii. Mwongozaji mwenyewe anaruhusiwa kubadili simu yake na picha. Meneja wa ofisi anabadili tarehe ya leseni kuisha. Mhasibu anabadili malipo ya siku. Hao watatu ukiwatosheleza wote kwa `$fillable` moja, mwongozaji atajipandishia posho. Mimi naandika FormRequest, faili la kukagua data ya fomu, tofauti kwa kila mtu na kila kazi, GuideProfileRequest, GuideLicenseRequest, ndani ya `rules()` naweka zile safu tu zinazomhusu, halafu kwenye kontrola natumia `$request->validated()` basi, neno `all()` silitaki kuliona. Mafaili yanakuwa mengi kweli, kuna rafiki yangu ananitania naandika kama karani wa mahakama, sawa tu.

Angalizo: `validated()` inakupa kile ulichokiandikia sheria, ukiandika sheria ya bei kwenye fomu ya mgeni eti ili ihakikishwe ni namba, umemfungulia mwenyewe. Kisichomhusu usikiandikie sheria, hata `nullable`.

Tena orodha iwe ya vinavyoruhusiwa, sio vinavyokatazwa. `$guarded = ['is_admin']` ilikuwa salama siku unaiandika, baada ya miezi kadhaa mtu anaongeza safu ya `punguzo` kwenye maigresheni (faili la kubadili majedwali), haikumbuki ile orodha, mlango umefunguka na hakuna aliyeufungua. Django nako ni hivyo, `fields = '__all__'` kwenye ModelForm ni fupi na inavutia, iache.

Vitambulisho vya uhusiano ndo vinasahaulika kuliko vyote. `kampuni_id`, `user_id`, `group_id`. Mifumo mingi ya huku inabeba kampuni nyingi kwenye databesi moja, sasa mtu anaweka sheria ya `exists:groups,id` anaona yuko salama. Hiyo inaangalia tu kama kundi lipo, haiangalii kama ni la kampuni yako. Ongeza sharti la kampuni kwa `Rule::exists` yenye `where`. Na mmiliki usimchukue kwenye fomu kabisa, mchukue kwa aliyeingia: `auth()->user()->bookings()->create($request->validated())`.

Pia jueni `$fillable` ina njia za panya. `forceFill`, inayojaza kwa lazima, inaipita. `$booking->imelipwa = $request->imelipwa` inaipita. `Booking::where(...)->update($request->all())` nayo inaipita, maana pale unaongea na query builder, inayoandika moja kwa moja kwenye databesi, modeli haijaulizwa. Developa mmoja aliniapia modeli yake imefungwa vizuri, na kweli ilikuwa imefungwa, kumbe fomu ya kurekebisha inapita kwa huo `update`.

Kwa kuanzia leo, ingia kwenye folda ya mradi andika `grep -rn "request->all()" app/`, pitia kimoja kimoja. Kisha andika testi moja kwa kila fomu ya mtu wa nje: tuma data halali ukichomekea na `imelipwa`, halafu soma databesi uhakikishe imebaki sifuri. Kwenye mashine unayoandikia kodi, sio ya wateja, weka na `Model::preventSilentlyDiscardingAttributes()`, ipo toka Laravel 9, bila hiyo safu usiyoiruhusu inatupwa kimya kimya na utakaa nusu siku unatafuta kwa nini simu ya mgeni haihifadhiki, na ukichoka sana utaikumbuka tena ile guarded tupu.