Ugali, Vidonge na Mtungi wa Maji: Majibu kwa Wageni wa Kisukari

Wiki hii nimeweka pembeni maswali mengine yote. Wengi walioandika ndiyo kwanza wametoka kliniki na kadi mpya mkononi.

Nimepimwa asubuhi kabla ya kula, nikaambiwa sukari ni 11. Mbona siumwi popote? Labda mashine ni mbovu. (Baba, miaka 46, Tegeta)

Mashine inaweza kudanganya, hasa ukitoka kumenya embe ukatoboa kidole bila kunawa. Ndiyo maana mtu asiye na dalili hurudiwa kipimo siku nyingine. Ila kaka, kuanzia 7.0 mmol/L (namba zote za sukari humu ni za kipimo hicho) ukiwa hujala kwa muda wa saa 8 tayari ni kisukari, na 11 iko mbali na hapo. Omba na HbA1c, kile kipimo kinachoonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu, 6.5 kwa mia na zaidi kinathibitisha. Kutoumwa kusikupe moyo. Kisukari cha aina ya pili hukaa miaka kimya kikila macho na figo.

Nimeambiwa niache ugali, wali na ndizi. Sasa nile nini? (Mama, Mbagala)

Pole mama. Aliyekuambia hivyo nadhani ni jirani, maana kliniki wangekuambia upunguze. Chukua sahani ya kawaida: nusu nzima ijae mchicha, matembele, bamia au kabichi, robo iwe samaki, dagaa, maharage au kuku, robo inayobaki ndiyo ya ugali, tonge la ukubwa wa ngumi yako. Dona ni bora kuliko sembe, lakini mlima wa dona nao unapandisha sukari. Anza na mboga na kitoweo, ugali ufuate.

Kwenu mkila kwenye sinia moja, pakua chako pembeni. Siyo kujitenga. Kwenye sinia hakuna ajuaye amekula matonge mangapi, na mwenye kisukari anatakiwa ajue.

Halafu tuzungumzie vya kunywa, maana huko ndiko watu wanakoangukia. Anayekwepa wali kwa woga utamkuta anakunywa chai ya vijiko vitatu asubuhi na glasi ya juisi ya embe mchana, eti matunda ni afya. Kula embe nusu, tafuna. Juisi ya miwa iache kabisa. Asali nayo ni sukari, hata ikitoka Tabora.

Nameza glibenklamaidi. Kuna siku mchana natetemeka, jasho linanitoka, naona giza. (Dereva wa daladala, Gongo la Mboto)

Hiyo ni sukari kushuka, na kwako ni hatari kuliko kupanda. Kidonge hicho hulazimisha kongosho kutoa insulini, homoni inayoshusha sukari, hata kama hujala, nawe nahisi unameza alfajiri halafu unakula saa tisa. Ikikushika, egesha gari. Kunywa nusu chupa ya soda ya kawaida, au koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji. Subiri dakika 15, pima; ikiwa bado chini ya 4, rudia. Ikipanda, kula chakula, na usishike usukani mpaka ipite robo tatu ya saa tangu irudi sawa. Kisha mweleze daktari ratiba yako halisi, dozi ibadilishwe au upewe dawa nyingine. Metfomini, kidonge kingine cha kisukari, ikitumika peke yake ni nadra kushusha hivyo.

Nimekunywa dawa ya mitishamba ya Kariakoo pamoja na vidonge, sukari imekuwa 6. Niache vidonge?

Hapana. Hiyo 6 ni vidonge kufanya kazi. Na mweleze daktari unachokunywa.

Mwanangu anachoma insulini na sina friji. (Mama, Vingunguti)

Chupa ambazo hazijafunguliwa omba zihifadhiwe kituo cha afya au duka la dawa, uchukue moja moja. Aina nyingi zikishafunguliwa hukaa takriban wiki nne nje ya friji, mradi joto lisizidi nyuzi 30. Soma karatasi ya dawa. Januari Dar inapita hapo. Weka chupa kwenye kopo lisiloingiza maji, kopo uliweke ndani ya mtungi wa udongo uliolowanishwa, kivulini penye upepo. Kwa unyevu wa pwani mtungi haupozi kama ungepoza Dodoma, lakini unasaidia. Usiiweke juu ya barafu, ikiganda, tupa.

Naweza kufunga Ramadhani?

Muone daktari mwezi mmoja au miwili kabla, kwa sababu wapo wasiotakiwa kufunga, hasa wanaoshukwa na sukari mara kwa mara. Akikuruhusu, pima mchana. Kutoboa kidole hakufunguzi. Ikishuka chini ya 3.9 au kupita 16.6, fungua hapo hapo. Na jioni, magimbi, mihogo ya nazi, tambi na kaimati vyote ni wanga: chagua kimoja, vingine waachie watoto.