Ndugu wa Wete, futa hiyo sync kabla usiku haujaingia

Fungua crontab yako sasa hivi, ile orodha ya kazi ambazo kompyuta inajifanyia yenyewe kwa saa, ufute ule mstari wa sync. Umeuliza mambo matatu: rclone, ile programu ya kupeleka faili mtandaoni, ipeleke picha za studio yako Google Drive saa ngapi, kifurushi kitatosha au la, na uzifungeje kwa nenosiri picha za bi harusi asizione mtu. Sawa. Lakini amri uliyobandika inaanza na rclone sync, na mie mwili umenisisimka kama nimekuta nyoka chooni.

Yakhe, sync si bakapu. Sync inafanya kule Drive kuwe sawasawa na huku kwenye kompyuta. Huku kukiwa na picha, kule zitakuwepo. Huku kukiwa kutupu, kule nako kunapigwa deki.

Mie napiga picha za harusi, Mwanakwerekwe. Ilikuwa Mfunguo Mosi, msimu wenyewe, harusi nne wiki moja. Usiku umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo. Kompyuta ikajiwasha yenyewe, diski ya nje haikuamka tena mpaka leo. Folda ya /mnt/picha ikabaki pale pale, maana ni mahali tu pa kupachikia diski, ila ndani hamna kitu. Cron, mwendeshaji wa ile crontab, ikaanza kazi saa nane usiku (0 2 ya cron ni saa nane yetu, si saa mbili, hilo nalo lilishaniaibisha siku nyingine). rclone ikisoma chanzo ikakuta hitilafu, haifuti. Lakini folda tupu si hitilafu! Ikaona huku hamna, ikasafisha kule.

Utasema si kuna tupio, Google Drive inaweka siku 30. Naam, lipo. Ila vilivyomo tupioni vinahesabiwa kwenye nafasi yako, na mie kwa ubahili wangu nilikuwa nimepanga rclone cleanup, amri ya kumwaga tupio, kila saa tisa usiku. Saa nzima mali yangu imekaa tupioni inanisubiri, mie nakoroma.

Asubuhi nimekaa na chai na mkate wa kumimina, nafungua logi: mistari elfu kumi na moja na ushei, kila mmoja unaishia na Deleted. Mkate sikuumaliza.

Mama wa bi harusi mmoja alikuja dukani na shoga zake wawili. Nilijitayarisha kutukanwa. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akaniuliza, "Hata ile aliyokaa na babu yake, mwanangu?" Mzee mwenyewe alikuwa keshatangulia mbele ya haki. Bora angenitukana.

Harusi mbili niliziokoa kwa sababu kadi za kamera nilikuwa sijazifuta. Uvivu ulinifaa kuliko utaalamu.

Na yule bwana wa video aliyenifundisha, kofia kaigeuza nyuma, sauti kama mtangazaji wa taarabu! Kasema copy ni ya wanaoanza, wajuzi wanatumia sync. Maelezo ya rclone yenyewe yanaonya kwamba sync inaweza kupoteza data, ujaribu kwanza kwa --dry-run, yaani jaribio lisilogusa kitu. Yeye hilo kalipita kama gari la shamba linavyompita abiria mwenye jogoo. Nikamwandikia chini ya video, akaniwekea kidole gumba.

Basi andika hivi:

mountpoint -q /mnt/picha && rclone copy /mnt/picha/kazi gdrive:kazi -v

Copy inaongeza, na faili iliyobadilika inaandika juu yake, ila haifuti uliyoiondoa huku. Ile mountpoint inahakikisha diski imepachikwa kweli. Na chanzo kiwe folda ya ndani, /kazi, si mlango wenyewe: diski ikifa, /kazi haipo, rclone inalalamika na kuacha. Ukitaka faili za zamani zisiandikwe juu, ongeza --backup-dir gdrive:zamani, nje ya ile folda ya kazi.

Ukinibishia kwamba lazima sync, basi angalau weka --max-delete 20, isifute zaidi ya faili 20. Lakini usinibishie.

Na cleanup usiiweke kwenye cron, hata Drive ikijaa mpaka mlangoni. Tupio safisha kwa mkono wako, mchana, umeshakula.

Leo endesha kwanza na --dry-run, haigusi kitu, inaonyesha tu itakachofanya. Kisha bandika hapa inachosema kabla hujaiondoa hiyo --dry-run. Nipo macho.