Usishindane na Jumamosi: niliyojifunza kwenye biashara ya soka Marekani

Jumamosi ya mwisho ya Novemba, saa sita mchana, nilisimama katikati ya ukumbi wa nyasi bandia hapa Columbus, Ohio, nikiwa na mipira sita, mifuko minane ya jezi na vikombe viwili vya washindi. Ukumbi nilikuwa nimeulipia saa sita mfululizo, dola 150 kwa saa. Timu nane za soka zilithibitisha kuja kwenye bonanza langu. Zilikuja mbili, na moja ilikuwa na wachezaji wanne.

Siku ile, saa ile ile, Ohio State, timu ya chuo kikuu cha hapa ya futiboli ya Kimarekani (ile ya kubeba mpira mikononi), walikuwa wanacheza nyumbani na mahasimu wao, Michigan. Kwa mtu wa Dar es Salaam nitaeleza hivi: ni kama kupanga harusi Kariakoo saa ambayo Simba na Yanga wanaingia uwanjani. Uwanja wa chuo kile unachukua watu zaidi ya 100,000, na mechi ya Michigan huwaleta mjini hata wasio na tiketi.

Nilipopiga simu kuuliza vijana wangu wako wapi, nilidhani nitaambiwa wamekaa mbele ya televisheni. Hapana. Hawa ni vijana wa Bukavu, Bujumbura na Kigoma, na wengi hawajui hata sheria za futiboli ya Kimarekani. Walikuwa kazini. Wengine walikuwa wanabeba abiria, kwa sababu siku hiyo nauli inapanda. Wengine walikuwa wanaelekeza magari kwenye maegesho. Kipa wangu alikuwa jikoni kwenye mgahawa, anakaanga mabawa ya kuku tangu saa mbili asubuhi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mchezo unaotawala nchi hautawali macho ya watu peke yake. Unatawala ratiba za kazi, barabara, bei ya hoteli na ruhusa ya bosi.

Nimeanza na siku hiyo kwa sababu ndugu wengi wananiandikia swali moja: "Kaka, nasikia soka linakua sana Marekani, nije na biashara gani?" Ni kweli linakua, na hela ipo. Ila haipo pale tulipozoea kuitafuta.

Kwetu hela ya mpira hutoka kwa mtazamaji: kiingilio, king'amuzi, jezi, kibanda umiza. Ndiyo maana mwaka 2021 Azam waliweka zaidi ya shilingi bilioni 225 kwa haki za kuonyesha Ligi Kuu ya Tanzania kwa miaka 10. Walijua nchi nzima itakaa mbele ya skrini. Huku, Apple walikubali kulipa dola bilioni 2.5 kwa miaka 10 kuanzia 2023 ili waonyeshe ligi kuu ya soka ya Marekani, MLS. Hela nyingi sana, mpaka uiweke kando ya NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, ambayo mikataba yake ya televisheni ni zaidi ya dola bilioni 100 kwa miaka 11. Kwa mwaka mmoja, tofauti yake ni mara thelathini na zaidi. Mtazamaji wa Jumamosi na Jumapili ana wenyewe, na mtu mdogo kama mimi na wewe hana cha kuwanyang'anya. Hela tunayoweza kuifikia ni ya anayecheza, pamoja na mzazi wa anayecheza.

Nilichelewa kuliona hili. Mwaka wangu wa kwanza niliuza jezi za klabu za Ulaya na kuandaa mabonanza ya kiingilio. Nilikuwa nauza kama niko Manzese. Kumbe hata wapenzi wa soka wa huku si kundi moja. Wapo wa Mexico, na ligi yao, Liga MX, ndiyo inayotazamwa kuliko ligi yoyote ya soka hapa nchini. Wapo wanaoamka alfajiri ya Jumamosi kwa ajili ya Ligi Kuu ya Uingereza. Wapo mashabiki wa timu ya mji. Na wapo watu wetu, ambao ukiwaletea jezi ya Chelsea watakuuliza kama una ya TP Mazembe. Ukiagiza mzigo mmoja ukitegemea utawafaa wote, utakufia mkononi kama ulivyonifia mimi.

Biashara ilianza kusimama niliposikiliza mama mmoja wa Kigoma. Wakati ule nilikuwa nafundisha wavulana tu, kwa mazoea. Alimleta mwanawe wa kiume, akasubiri mazoezi yaishe, kisha akaniuliza, "Mwalimu, na hawa wa kike je?" Nyuma yake alisimama binti wa miaka 11, amevaa viatu vya mpira vya kaka yake, kamba zimezungushwa mara mbili kwenye kifundo ili visimvuke. Mama akaniambia wasichana kumi na wawili wapo katika majengo yao peke yake, na wako tayari. Alikuwa na masharti matatu: kocha awe mwanamke, mazoezi yaishe kabla ya magharibi, na mwenye kutaka kuvaa hijabu na suruali ndefu asisumbuliwe. Nikayakubali yote matatu, nikamtafuta kijana wa kike aliyewahi kuchezea chuo. Darasa lile lilijaa wiki ya pili, na ndilo la kwanza kunilipia kodi ya ukumbi bila mimi kuchomoa akiba.

Kuna sababu ya kina kwa nini soka la wasichana linauzika Marekani. Mwaka 1972 nchi hii ilipitisha sheria iitwayo Title IX, inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu. Vyuo vikalazimika kufungua timu za wanawake, na soka likafaidika kwa kuwa linabeba wachezaji wengi na vifaa vyake si ghali. Ndiyo maana mzazi wa huku akimwona binti yake anapiga danadana, anawaza ufadhili wa chuo kikuu. Fainali ya Kombe la Dunia la wanawake mwaka 1999 ilijaza watu 90,185 pale Rose Bowl, California. Ligi ya kulipwa iliyofuata, hata hivyo, ilikufa mwaka 2003 baada ya misimu mitatu, na iliyokuja baada yake nayo haikudumu. Ya sasa, NWSL, inacheza tangu 2013, na mwaka 2024 timu ya Kansas City ilifungua uwanja uliojengwa mahsusi kwa timu ya wanawake, viti 11,500. Mchezaji bora wa ligi mwaka huo alikuwa Temwa Chawinga wa Malawi, anayechezea timu hiyo hiyo. Binti wa viatu vya kaka yake ana picha ya Chawinga kwenye kava la simu.

Kuhusu ada, usiige klabu kubwa za watoto. Zipo zinazotoza dola 2,000 au 3,000 kwa mwaka, na safari za mashindano ni juu ya mzazi. Ndiyo maana watoto wetu wengi wenye vipaji wanaishia kucheza kwenye maegesho ya magari, na jambo hili linaniuma kila ninapopita. Mimi natoza dola 40 kwa mwezi, mtoto wa pili wa familia analipa nusu, na baba anayelipwa kila wiki mbili analipa kila wiki mbili. Siwezi kutajirika kwa ada hiyo. Ila wanaolipa Septemba ndio hao hao wanaolipa Mei, na kwa biashara ndogo huo ndio mtaji.

Hela ya pili iko kifuani. Futiboli ya Kimarekani husimama kila baada ya muda mfupi, na kila inaposimama televisheni inauza tangazo. Soka linakimbia dakika 45 bila kusimama, na watu wa matangazo walilikwepa kwa miaka mingi kwa sababu hiyo. Dawa yake ni jezi. MLS iliruhusu majina ya wadhamini kifuani tangu 2007, wakati NFL mpaka leo haiuzi vifua vya wachezaji wake. Fanya hivyo hivyo kwa kiwango chako. Mimi nilikwenda kwa mzee mmoja Mkongomani mwenye duka la vyakula: fumbwa, unga wa muhogo, samaki wa kukausha. Alinisikiliza huku anapima maharage, kisha akauliza, "Sasa jina yangu watu wataiona dakika ngapi?"

"Tisini, Papa."

Aliweka kipimo chini. Akasema kwenye redio ya mtandaoni ya jumuiya wanamtajia jina sekunde thelathini, na wanamdai hela kila mwezi. Alilipa dola 300 kwa msimu, na msimu uliofuata akamleta shemeji yake mwenye gereji. Waendee watu wa namna hii kabla ya kuandika barua pepe kwa kampuni kubwa. Fundi magari, msusi, anayejazia watu fomu za kodi. Wateja wao wanakaa kwenye viti vyako kila Jumapili jioni.

Jambo jingine ni ukubwa, na hapa mji wangu una funzo lake. Timu ya Columbus Crew ilianza mwaka 1996 ikicheza kwenye uwanja ule ule wa Ohio State. Mashabiki elfu kumi na tano ni wengi, lakini waweke ndani ya uwanja mkubwa kama ule uone watakavyoonekana: kama msiba usio na watu. Mmiliki wakati huo alikuwa Lamar Hunt, tajiri mwenye timu ya NFL ya Kansas City Chiefs, na ndiye aliyelipatia pambano kubwa la futiboli ya Kimarekani jina la Super Bowl. Mwaka 1999 akajenga uwanja wa viti kama 20,000 kwa takriban dola milioni 28, wa kwanza Marekani kujengwa kwa ajili ya timu ya ligi hii. Watu wale wale wakaonekana wamejaa, na sauti yao ikasikika. Tangu nilipoielewa hadithi hiyo, nakodi nusu ya ukumbi, sikodi ukumbi mzima.

Tena msiione michezo mikubwa kama adui. Mwaka 2017 mmiliki mwingine wa Crew alitangaza mpango wa kuihamishia timu Austin, Texas. Mji ukachachamaa. Mashabiki waliandamana na kukusanya ahadi za kununua tiketi, na jimbo likaenda mahakamani kwa kutumia sheria iliyotungwa miaka ya 1990 baada ya timu ya NFL ya Cleveland kuhamishwa. Mwishowe timu ikabaki, na miongoni mwa walioichukua ni familia inayomiliki timu ya sasa ya NFL ya Cleveland. Yaani soka la Columbus liliokolewa kwa sheria ya futiboli na hela ya futiboli. Kwa mtu wa chini maana yake ni hii: nenda kaongee na kocha wa futiboli wa sekondari ya jirani. Ana uwanja wenye taa, na kuna jioni anazouacha wazi. Wetu alitupa Jumapili kwa bei ya umeme tu.

Watu wengi walianza kunitafuta kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2026, wakitaka kuchapisha fulana na kufungua maduka. Kwanza, nembo na majina ya mashindano yale ni mali ya FIFA, nao hawana mchezo na mtu anayeyachapisha bila kibali. Pili, kumbukeni 1994, Kombe la Dunia lilipochezwa hapa Marekani. Mashindano yale yaliingiza viwanjani watu zaidi ya milioni 3.5. Ligi iliyozaliwa kwa ahadi yake, yaani MLS, ilianza 1996 na wastani wa watazamaji 17,000 hivi, ikashuka, na mwanzoni mwa 2002 ikafunga timu mbili za Florida, zikabaki 10. Na miaka ya sabini, baada ya Pelé kuja New York Cosmos mwaka 1975, klabu nyingine zilinunua majina makubwa kumfuata, ligi ya wakati huo, NASL, ikafika timu 24, na baada ya msimu wa 1984 ikafa kabisa. MLS ya leo ina timu 30, na San Diego walilipa dola milioni 500 ili tu waingie. Umbali huo umetembewa kwa miaka karibu thelathini, hasara nyingi zikibebwa na watu wachache wenye hela ya kusubiri. Wewe huna hela ya kusubiri, kwa hiyo usijenge biashara juu ya mwezi mmoja wa sherehe.

Bima usiikwepe. Mtoto akivunjika mkono bila bima, huna biashara tena. Marefa walipe siku hiyo hiyo, mkononi. Kila anayegusa watoto apitie uchunguzi wa rekodi za uhalifu, hata akiwa mjomba wako.

Na kalenda. Kabla sijapanga chochote sasa, nafungua kwanza ratiba ya Ohio State, halafu ya NFL, halafu ya futiboli ya sekondari za jirani ambayo ni Ijumaa usiku. Nafasi zinazobaki ndizo zangu: Jumapili jioni, Jumanne, Alhamisi, na miezi ya baridi kuanzia Januari, ambapo futiboli inaelekea ukingoni na wazazi wanatafuta pa kuwapeleka watoto wasiharibu nyumba. Kumbi za Januari hukodiwa Septemba. Ukipiga simu Novemba utapewa saa nne usiku, na watoto watakuwa wamelala.