Changuu kwa nusu siku: inatosha?

Dada, umeuliza kama kisiwa cha Changuu, karibu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, kinafaa kwa nusu siku na watoto, na kama kweli kulikuwa na wafungwa. Kinafaa sana. Ila gereza lililojengwa pale halikuwahi kuwekwa wafungwa, ingawa watu wengi bado wanakiita Kisiwa cha Gereza.

Historia yake ni nzito, na ningependa watoto waisikie. Katika miaka ya 1860 kilitumika kuwafungia watumwa. Mwaka 1893 Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri mkuu wa serikali ya Sultani, akakinunua ili ajenge gereza. Jengo lilikamilika, lakini likageuzwa kuwa karantini ya abiria wa meli, kwa hofu ya homa ya manjano isiingie mjini. Kuta zake bado zimesimama, zipitieni kabla ya kukimbilia ufukweni.

Watoto watataka kobe kwanza, waacheni. Ni kobe wakubwa wa Aldabra, uzao ulioanza na wanne walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919 kama zawadi ya gavana wa Kiingereza. Dume aliyekomaa anaweza kupita kilo 200! Kuwalisha majani ni sawa, lakini kuwapanda migongoni msikubali hata mkiona wengine wanafanya.

Boti zinaondoka ufukweni Mji Mkongwe. Nendeni asubuhi na mapema, jua halijawa kali, na kubalianeni nauli ya kwenda na kurudi kabla ya kupanda. Muulizeni nahodha kuhusu maboya ya kuokolea ya saizi ya watoto. Kama hana, tafuteni boti nyingine.